Matao ya Kanisa la Mlimani

Kazini walimwita Timazi, ile kamba ya waashi ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hakuweza kupita ukuta bila kufumba jicho moja kuupima. Mkewe alikuwa akimtania kwamba hata siku ya posa aliupima kwanza ukuta wa ukweni, ndipo akasalimia.

Tetemeko lilipobomoa kanisa kongwe la hija kule mlimani, Timazi na mdogo wake ndio waliochonga upya mawe ya matao. Miaka minne. Tao la mwisho, lile la juu ya altare, mdogo wake alilifunga kwa jiwe la kilele. Akiwa anashuka, ubao wa jukwaa la ujenzi ukateleza. Alizikwa Jumamosi. Jumatatu Timazi alirudi kazini, akamalizia. Baada ya hapo hakuupanda tena mlima ule kwa miaka thelathini na moja.

Binti yake ndiye aliyemshawishi. “Baba, twende ukanionyeshe kazi ya baba mdogo. Mimi naisikia tu.”

Walipanda ngazi polepole, mahujaji wakiwapita na rozari mikononi. Magoti yalimuuma, lakini mdomo haukupumzika: tao halishikwi na saruji, mwanangu, kila jiwe linaegemea lingine; kosea moja, umeua yote.

Ndani aliinua uso, akakauka. Juu palikuwa na dari nyeupe ya jipsamu, bapa kama karatasi, yenye vitaa vidogovidogo toka mlangoni hadi altareni.

“Yako wapi, baba?”

Mtunza kanisa alisogea akitabasamu. “Mnaulizia mawe? Yapo humohumo juu. Yalikuwa yanadondosha vumbi, tena ya kizamani mno. Sasa si panapendeza?”

“Nifungulie nikayaone, ndugu yangu. Mara moja tu.”

“Haiwezekani, mzee. Wageni hawaruhusiwi kupanda.”

“Mgeni? Mdogo wangu kafia hapo juu ya kichwa chako, unaniita mgeni?”

Watu waligeuka kwenye mabenchi. Mtunza akamwomba ashushe sauti, wenzake wanasali.

“Basi, baba,” binti alinong'ona. “Tumwashie baba mdogo mshumaa.”

“Washa wewe,” alisema, akatoka.

Wiki ile alimwandikia padri barua, kurasa mbili, akaomba dari itobolewe japo pale juu ya altare. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: anashukuriwa kwa maoni yake, na anakaribishwa hija ijayo. Timazi aliisoma barua hiyo mara moja, akampa binti.

“Tunza wewe. Mimi sina pa kuiweka.”