Samahani Si Pole

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipofika Missouri City, nje kidogo ya Houston, nikiwa na karatasi nne za skripti mkononi. Siku zile nilikuwa na jambo moja tu la kuamua, tena la neno moja.

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache, na najua utacheka. Lakini mzee ninayetaka kukusimulia habari zake aliniita hivyo siku ile, na tangu hapo sijapata neno lingine la kumwita mtu ninayemtakia mema huku nikimwonea wasiwasi. Wewe unayekuja kucheza ngoma nami kila Jumapili baada ya misa pale mtaani kwetu Gulfton, uliniuliza juzi mtu anaingiaje kwenye filamu. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa nimetoka kazini ghalani, zamu ya saa kumi mfululizo. Leo pia nimechoka. Ila nimekaa nikafikiri kwamba nikingoja siku ambayo sijachoka, utakuwa umeshaolewa.

Mzee mwenyewe anaitwa Kioko, Mkamba wa kule Machakos. Ujanani alikuwa mchezaji wa ngoma jukwaani, yule anayeruka na kujipindua hewani huku wenzake wakipiga filimbi. Kikundi chao kilizungushwa Ulaya, kisha Marekani. Wenzake wakarudi nyumbani. Yeye akabaki Kalifornia kwa sababu mtu mmoja wa studio alimwona akiruka akamwambia ana sura ya filamu. Akaigiza Hollywood zaidi ya miaka ishirini. Usijisumbue kulitafuta jina lake. Alikuwa mlinzi wa mlangoni, dereva wa rais, mganga, chifu asiyesema kitu, kisha mlinzi tena. Magoti yalipokataa akahamia Missouri City kwa binti yake Mumbua, ambaye ni muuguzi. Mama yangu hufanya usafi katika hospitali hiyohiyo, na Mumbua ndiye aliyenipeleka kwa baba yake nilipohitimu masomo ya uigizaji nikabaki nyumbani sijui nianzie wapi.

Basi siku ile nilikuwa nimepata nafasi yangu ya kwanza. Studio ya Hollywood ilikuwa imekuja kupiga sehemu ya tamthilia karibu na Fort Worth, kwenye shamba waliloligeuza kambi ya wakimbizi. Mimi niliyezaliwa kambini, mkoa wa Kigoma, nikachaguliwa kuwa muuguzi wa kambi. Nilikuwa na sentensi moja. Mama mmoja amefiwa na mtoto; muuguzi anamshika mkono na kumwambia: "Samahani kwa kupoteza kwako."

Isome tena. Kiingereza kina neno moja linalofanya kazi zote mbili, la kuomba radhi na la kumfariji aliyefikwa na msiba. Sisi tunayo mawili. Aliyetafsiri alichukua lile lisilohusika. Samahani ni ya mtu aliyekukanyaga mguu kwenye foleni. Aliyefiwa huambiwa pole. Na hiyo "kupoteza kwako" ni kama mama ameacha funguo zake mahali.

Nililiona kosa mara ya kwanza niliposoma. Hilo ndilo ninalotaka ulishike: niliona mara ya kwanza.

"Shikamoo, mzee," nikasema mlangoni.

"Marahaba! Houston nzima wewe ndiye peke yako unayeniamkia. Hawa Wakenya wenzangu wananiambia 'hi'." Alikuwa ameketi sebuleni, magoti yote mawili amefungiwa mifuko ya maji moto. "Haya, mwigizaji wa sentensi moja. Soma."

Nikasoma.

"Rudia."

Nikarudia.

"Umemkanyaga wapi?"

"Nani?"

"Huyo mama. Naona unamwomba msamaha."

Mumbua alikuwa anafunga viatu vya kazini. Akacheka. "Baba, usianze. Mtoto wa watu amekuja ku-practise."

"Si ndiyo tuna-practise? Namuuliza tu amemkanyaga wapi."

Nikamwambia kwamba najua, na kwamba nimeshawaandikia barua pepe.

"Wakajibu nini?"

"Sijaituma."

Nilikuwa nimeiandika mara saba, mwanangu. Nikamweleza sababu zangu, na zilikuwa nyingi. Huenda wakaniona msumbufu wakanitoa. Huenda aliyetafsiri ni mtu mzima mwenye watoto na nitamharibia kazi. Huenda Kiswahili changu ndicho chenye kasoro, maana ni cha kambini, na Wakongo wana chao, na Wakenya wana chao, na mimi ni nani wa kusema. Huenda wanajua na wameacha makusudi. Huenda watazamaji wote watasoma maandishi ya Kiingereza chini na hakuna atakayesikia. Kila sababu ilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilizaa sababu nyingine. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayekuonyesha una uzi begani:

"Spesioza, hayo si mawazo. Hayo ni maficho."

Niliumia. Nilitaka kulia, na nadhani aliona, maana aliondoa ule mfuko wa goti la kushoto akauweka sakafuni, akaanza kunisimulia jambo ambalo Mumbua alisimama mlangoni kulisikiliza ingawa alikuwa ameshachelewa kazini.

Katika filamu yake ya tatu, alisema, palikuwa na mazishi ya chifu. Mwongozaji akamwambia: "Tupe kitu cha kwenu." Hakumpa maelezo mengine. Kioko alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na alitaka waendelee kumwita. Akawapa kile alichokijua vizuri kuliko vyote, ngoma ya vijana, ile ambayo mvulana huruka ili msichana aliye upande wa pili amtazame. Akaruka kando ya jeneza. Akajipindua mara tatu. Kila mtu pale akapiga makofi, na yeye akijua kwamba ngoma ile haichezwi mahali penye maiti.

"Nilijiambia, nani wa kwetu ataiona?"

Mwaka uliofuata mtu alipeleka kaseti Machakos, ikaonyeshwa sokoni. Mama yake akaitwa aende kumwona mwanawe. Akaenda, akatazama, akarudi nyumbani. Kisha akamwandikisha mdogo wa Kioko barua ya kumpelekea Kioko. Ilikuwa ya salamu za kawaida, mvua imenyesha, fulani amejifungua, na mwishoni swali moja: "Nani alikufa hapo mpaka ukafurahi hivyo?"

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilifikiri." Akanitazama. "Nilifikiri vizuri sana. Nikaona jambo kama hili haliandikiki, nitamweleza uso kwa uso nikienda likizo. Likizo ya kwanza nikapata nafasi ya kuigiza mlinzi wa mlangoni. Ya pili nikapata ya dereva. Halafu wakanipigia simu kwamba ametutoka."

Akaenda kumzika. Walipokuwa wanaondoka kaburini, rafiki yake mmoja waliyecheza pamoja zamani akamsogelea na kumwuliza kwa utani: "Kioko, leo huruki?" Watu wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka msibani wapate kupumua. Yule hakuwa na nia mbaya.

"Tangu siku ile sijaruka," Mzee Kioko akasema. "Watu wanadhani ni magoti. Magoti yalikuja baadaye."

Mumbua alikuja akauokota ule mfuko wa maji, akaurudisha gotini kwa baba yake, akatoka. Nadhani naye alikuwa akidhani ni magoti.

Sasa ungetegemea kwamba nilirudi Gulfton nikaituma ile barua. Sikuituma. Niliiandika mara ya nane. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Ningekuwa nimefanya sawasawa nisingekuwa na la kukwambia.

Nilipanda basi mpaka Dallas, na gari la studio likanichukua pamoja na wengine hadi shambani. Walikuwa wamejenga mahema meupe, safu kwa safu, na mabomba ya maji, na hata tope walilitengeneza kwa mpira wa maji, maana ardhi ya kule ilikuwa imekauka kama tofali. Walikuwa wamepatia kila kitu. Kamba za kuanikia nguo zilikuwa kimo kilekile cha kambini kwetu.

Aliyepewa nafasi ya mama aliyefiwa alikuwa mwenzetu, Mrundi anayeishi Fort Worth, anafanya kazi ya kufua shuka hotelini. Aliitwa Mama Jeneroza. Hakuwahi kuigiza, walimchukua kwa ajili ya uso wake. Hakuwa na maneno ya kusema, alitakiwa akae chini tu, apokee mkono wangu. Tulipokuwa tunangoja alinigawia nusu ya mkate wake akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na tulikaa kambi ipi. Nilipomtajia, akatikisa kichwa. "Na sisi hapo. Wangu wa pili yuko hapo," akasema. Nikaelewa ana maana ya kaburi.

Nilikuwa na mkate wake mdomoni, mwanangu, na nilikuwa na dakika ishirini hivi. Mwongozaji alisimama hatua kumi kutoka nilipokuwa. Nikafikiri.

Kisha wakatuita. Kamera ikawashwa. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikasema: "Samahani kwa kupoteza kwako."

Mama Jeneroza aliinua uso. Alisahau kamera, alisahau kwamba hana maneno. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa mshangao wa kweli: "Kwani wewe ndiye ulimuua?"

Mwongozaji alifurahi sana. Hakuelewa alichosema, aliona tu uso. Akasema turudie vilevile. Nami nikarudia vilevile. Mara ya pili, nilipofika kwenye "samahani", yule mama alivuta mkono wake akauficha kwenye kanga.

Hapo ndipo nilipoinuka. Sauti yangu ilitetemeka, na sababu zangu zote zilinijia kwa pamoja, zile za msumbufu na za mtafsiri mwenye watoto. Ila hapakuwa tena na nafasi ya kuzipanga, kwa kuwa mkono wa mama ulikuwa umeshaingia kwenye kanga. Nikasema kwamba neno hili ni la mtu aliyekosa, na kwamba mama huyu anasikia kama nimemuua mtoto wake.

Mwongozaji akamtazama msichana mwenye skripti, msichana akatazama karatasi. Niliona wazi jinsi nitakavyopanda basi kurudi Houston.

"Kwa hiyo neno ni lipi?" mwongozaji akauliza.

"Pole."

"Pole, halafu?"

"Basi. Pole tu."

"Hilo moja?"

"Hilo moja."

Akainua mabega. "Haya, liseme hilo." Muda wote ule, mwanangu, ilikuwa ni kuinua mabega tu. Nilikuwa na sentensi nzima Hollywood, nikaipunguza mwenyewe ikawa neno.

Mara ya tatu nikapiga magoti. Mkono wake bado ulikuwa kwenye kanga, kwa hiyo nikaweka wangu juu ya kanga. "Pole, mama."

"Asante, mwanangu," akasema, na akalia, na hakuna aliyemwambia alie. Wakapiga mara hiyo moja, wakasema inatosha, wakahamia hema lingine.

Nilirudi kwa Mzee Kioko wiki iliyofuata nikamweleza yote, pamoja na zile mara mbili za kwanza. Sikumficha. Nikamwambia kwamba tamthilia bado haijatoka, na kwamba huenda wakachagua ile ya kwanza, kwa sababu ya uso, na watu wetu wote kutoka hapa mpaka Kigoma watanisikia nikimwomba radhi aliyefiwa.

"Yule mama," akasema, "alisikia lipi mwisho?"

"Pole."

"Basi. Hizo nyingine waachie wao."

Lakini mimi siwezi kuziachia kabisa, na sitaki uniige katika hilo. Mara mbili nilimwambia mama aliyezika mtoto neno lisilo lake, na mkate wake ukiwa tumboni mwangu. Barua ya mistari mitatu ingetosha kumkinga.

Basi ukitaka kuingia kwenye filamu, ingia. Jifunze kusimama, jifunze kuruka, jifunze kungoja, maana utangoja sana. Watakuambia uwape kitu cha kwenu. Wape, lakini wewe ndiye utakayejua ni kitu cha harusi au cha msiba; wao hawajui, na mara nyingi hawana ubaya, hawajaulizwa tu. Ukiona kosa, liseme siku uliyoliona, hata kama sauti inatetemeka, hata kama Kiswahili chako ni cha kambini. Ukijikuta una sababu zaidi ya tatu za kunyamaza, ujue umeshaanza kujificha. Na mtu wa kwenu akikuuliza swali, mjibu angali anaweza kusikia.

Jumapili ijayo Mumbua atamleta baba yake Gulfton awaone mkicheza. Ameomba mwenyewe. Mpeni kiti cha mbele, mumwamkie vizuri. Na filimbi ikilia mkamwona anatikisa bega, endeleeni kucheza, msimtazame sana.

Mungu akupe miguu myepesi na ulimi usiochelewa, mwanangu. Akuzungushe kwenye majukwaa yote unayoyatamani, na akurudishe nyumbani mama yako angali mlangoni, akuulize anachotaka kuuliza, nawe uwe na jibu.