Ubeti wa Nne Upo

Wimbo ule una beti nne. Nilisema hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, na hapakuwa na mwanaume hata mmoja mjini kwetu Gisenyi aliyekubali. Nasema hivyo hata leo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili, na duka letu lilikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa ya miezi saba. Mume aliniambia nenda, nikaenda, na sikulia mbele yake. Baba hakuniuliza mengi. Aliniwekea kigoda nyuma ya cherehani yake, akanipa kazi ya kushona vitundu vya vifungo na kuwasha pasi ya makaa.

Kila Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, wanaume walikuja kusikiliza sahani za santuri. Kiongozi wao alikuwa karani mmoja wa posta, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, ambaye alibeba sahani zake katika kitambaa kama mtu abebaye mayai. Fundi wa baiskeli wa jirani alikuja pia, mikono ina grisi, kwa hiyo hakuruhusiwa kugusa chochote. Walikuja wengine wawili watatu, lakini karani na fundi wa baiskeli ndio waliokuwa wakibishana.

Ubishi ulikuwa juu ya mwimbaji mmoja tu. Mtu wa ng'ambo, upande wa Congo, aliyetunga nyimbo zake mwenyewe na kupiga gitaa mwenyewe. Katika sahani yake ya kwanza alikuwa peke yake, na ukisikiliza vizuri ulisikia kucha zikigusa mbao. Fundi wa baiskeli aliipenda hiyo kuliko zote.

"Pale ni mutu anaimba," alisema. "Ile ya pili ni kiwanda."

"Wewe hujui muziki," karani alijibu. "Ya kwanza, sauti iko na mafua. Ya pili iko na gitaa mbili, iko na kayamba, kila kitu kiko kwa nafasi yake. Donc, mutu amesoma, ameendelea."

Mimi nilishona vitundu vyangu. Nilikuwa na maoni yangu: ya pili ni nzuri kwa kucheza na ya kwanza ni nzuri kwa kufanya kazi. Hakuna aliyeniuliza.

Halafu mwimbaji mwenyewe akaja Gisenyi. Alipiga katika ukumbi ulio karibu na ziwa, siku ya Jumapili mchana, kwa watu wenye kadi. Makarani, wasaidizi wa ofisi, walimu kutoka Nyundo, na Wazungu wachache katika viti vya mbele. Karani wetu alikaa mstari wa tatu, na kwa wiki nzima alitueleza mwimbaji alivyomsalimia kwa kichwa.

Shangazi yangu na mimi hatukuwa na kadi. Shangazi, dada mdogo wa baba, aliuza vitunguu. Alivinunua kwa wakulima wa Rugerero, akavipeleka Goma kichwani pamoja na wanawake wenzake. Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza mpaka kwenye bariyeri, kizuizi cha mpakani, kumsaidia mzigo, na tulimkuta mwimbaji yule pale. Lori la kumrudisha lilikuwa limeharibika. Alikaa juu ya jiwe na gitaa lake magotini, na mwenzake kando yake alikuwa akigonga chupa ya bia kwa msumari, polepole, kama mtu anayefikiri kwa vidole.

Wanawake walimzunguka, mimi nikamletea maji. Mmoja akamwambia, "Kaka, jana uliimbia wenye viti. Na sisi je?"

Akacheka. Akaimba wimbo mpya, ambao, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameuimba kwa mara ya kwanza jana yake ukumbini. Wimbo wa mama mbeba mzigo. Ubeti wa kwanza mama anaamka. Wa pili anapanda kilima. Wa tatu anamkumbuka mtoto aliyemwacha. Wakati huohuo askari wa bariyeri, kama kawaida yake, alikuwa amesimamisha wanawake wawili na kuwaamuru washushe vikapu. Akachagua vitunguu vikubwa, akavitia katika mfuko wake. Kila siku alifanya hivyo. Shangazi alikuwa akiweka vidogo juu na vikubwa chini, naye askari alijua, akawa anaingiza mkono mpaka chini.

Mwimbaji aliona. Hakuacha kupiga. Alimwangalia yule askari na akaimba ubeti wa nne:

*Bwana mulinzi wa njia, mukono wako unatafuta nini?*
*Kitunguu hiki si cha baba yako, kililimwa na jasho la nani?*
*Mama ametoka Rugerero hata jogoo hajalia,*
*We unachukua kikubwa, unamuachia maganda.*

Yampayinka, ajabu gani! Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Walimrudisha aimbe tena, akaimba mara tatu. Askari alibaki na kitunguu mkononi, hajui akitie mfukoni au akirudishe kikapuni. Shangazi alikichukua mkononi mwake, taratibu, akakirudisha mahali pake. Sijawahi kuona jambo kama lile, wala sikujua kwamba wimbo unaweza kulifanya.

Miezi ikapita. Siku moja karani akaja na sahani mpya, na upande wa kwanza ulikuwa wimbo ule. Niliacha sindano. Mama akaamka, akapanda kilima, akamkumbuka mtoto. Kisha gitaa tupu, likaendelea, likaendelea, sahani ikaisha.

"Formidable," karani alisema. "Hii ndiyo kubwa kupita zote."

"Bado," nikasema.

Waligeuka wote. Nadhani walikuwa wamesahau kwamba nina sauti.

"Bado nini?"

"Wamekata. Iko na ubeti wa nne."

Karani alitabasamu kwa upole, ule upole unaoudhi kuliko tusi. "Binti, mimi nilikuwa ukumbini. Nilisikia na masikio yangu. Beti tatu. Na sahani hii, beti tatu. Sahani haisemi bongo, haisemi uongo."

"Mimi nilimsikia kwenye bariyeri."

"Ile haikuwa concert. Ile ilikuwa mutu anangojea camion."

Wakacheka. Fundi wa baiskeli alijaribu kunisaidia, akasema labda sahani ni fupi, nafasi haikutosha. Nilimwambia hapana, nafasi ilikuwepo, si mmesikia gitaa lile la mwisho? Ubeti mzima unaingia pale, na nitawaonyesha. Nikaomba warudie. Gitaa tupu lilipoanza, niliimba ubeti wa nne juu yake, nimekaa kwenye kigoda changu, shati la mtu magotini. Neno la mwisho liliangukia pale pale gitaa lilipokoma, kama mguu unavyoingia katika kiatu chake.

Hakuna aliyecheka. Baba alinyanyua sindano ya gramafoni, akafunga kifuniko.

"Hapa ni duka," alisema. "Wimbo ule usiimbwe hapa."

Nilimwelewa. Cherehani yake ilikuwa ikishona kaptula za askari wa ofisi ya Wazungu, wenzake yule wa bariyeri. Lakini karani hakunyamaza. Alipokuwa akifunga sahani zake katika kitambaa alisema, bila kuniangalia, "Mwanamke akiachika anatunga maneno ya kujipa sifa."

Basi hapo ndipo nilipokata shauri. Angesema nimekosea, ningebishana naye mpaka tuchoke. Alisema nimetunga uongo kwa sababu nimeachika. Nilijiambia: siku mwimbaji atakaporudi, nitamuuliza yeye mwenyewe, mbele yao.

Alirudi wakati wa kiangazi kilichofuata. Ukumbi uleule, kadi zilezile. Shangazi na wenzake kama saba walikuja na kusimama nje chini ya madirisha, kwa sababu dirishani hakuna anayeuliza kadi. Mimi nilivaa gauni langu la Idi, nikajitanda kanga, nikapita mlangoni.

"Kadi?" akauliza aliyekuwa mlangoni.

"Yuko nayo karani wa posta," nikasema, na sikusimama. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa.

Alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa koti jeupe. Aliimba vizuri, lazima niseme ukweli, na gitaa lilikuwa safi kuliko kwenye sahani yoyote. Kila wimbo ulipoisha watu walipiga makofi ya adabu. Halafu ukaja wimbo wa mama mbeba mzigo. Beti tatu. Kisha gitaa tupu.

Nikasimama.

"Kaka, bado ubeti mumoja."

Vichwa vyote viligeuka. Nilimwona karani wetu, mstari wa tatu, akiweka mkono usoni. Mzungu wa ofisi aliinama kumuuliza mkalimani wake ninasema nini. Mwimbaji aliniangalia, na nilijua amenikumbuka. Tulikuwa tumesimama karibu naye sana siku ile, na mimi ndiye niliyemletea maji.

"Dada," akasema, "wimbo huu iko na beti tatu."

"Na ule wa bariyeri?"

"Sijui wimbo wa bariyeri."

Nimesikia mambo mengi katika maisha yangu. Niliambiwa na mume kwamba sina faida. Lile halikuniuma hivi. Mtu alikuwa akikana kitu chake mwenyewe, kitu kizuri, na alikuwa akikikana machoni pangu. Nilitaka kukaa. Kisha nikaona mwenzake, yule mgonga chupa. Wimbo ulikuwa umekatika, gitaa limenyamaza, lakini yeye hakuacha. Alikuwa ameinamisha kichwa, na msumari wake ulikuwa unagonga: ti, ti-ti, ti, ti-ti.

"Bon," nikasema. "Kama si wako, basi ni wetu."

Nikaimba. Mstari wa kwanza sauti ilitoka nyembamba. Wa pili ikapata mwili. Nilipofika kwa mama aliyetoka Rugerero, madirishani wanawake wakaupokea, shangazi mbele yao na sauti yake ya sokoni, na tukaumaliza pamoja. Vigelegele vikaingia kwa madirisha yote. Watu wengine ndani, siri yao walijua wenyewe, walipiga makofi kabla ya kukumbuka kuangalia nani anawaona.

Askari wawili walinitoa nje kwa mkono. Mmoja alivaa kaptula niliyoshona vitundu vyake mimi mwenyewe. Walinikalisha kwenye baraza ya ofisi mpaka alasiri. Kutoka pale niliona lori la mwimbaji linapakiwa. Alikuja mpaka kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Dada, unisamehe. Niko na karatasi ya kusafiri. Wanaweza kuichukua siku yoyote. Bila ile karatasi mi si kitu."

"Mimi sina karatasi," nikamjibu, "na niliimba."

Alivaa kofia yake. Aliondoka. Leo ningemjibu kwa upole zaidi, pengine. Siku ile sikuwa na upole, na sijutii.

Baba alikuja kunichukua. Njiani aliniuliza neno moja tu: "Walikupiga?"

"Hapana, baba."

Jumatatu ofisi ilimwita. Kaptula zingepelekwa kwa fundi mwingine, isipokuwa binti yake aende akaombe radhi mbele ya mkalimani. Baba alinieleza hayo amesimama, tepe ya kupimia shingoni. Hakunifokea. Angefoka ingekuwa rahisi.

"Neno moja tu," alisema. "Useme ulitunga."

"Sikutunga, baba."

"Najua. Sema tu."

Hilo "najua" nililisikia vizuri. Alikuwa ananiamini, na bado alitaka niseme. Nilimwambia nitabeba adhabu nyingine yoyote, nitashona usiku na mchana, lakini neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Akaniambia, "Basi, duka langu halitaweza kukubeba." Nikachukua mkasi wangu na mto wa sindano, nikahamia kwa shangazi.

Kaptula zilikwenda. Baba aliugua hasira miezi mingi, na mama yangu alikuwa ananiletea salamu zake zilizopungua maneno. Nilishona magauni ya wanawake barazani kwa shangazi, kwa mkono kwanza. Wateja walikuja, wengine wakitaka gauni, wengine wakitaka kujifunza ubeti. Niliwafundisha. Waliupeleka harusini, wakaubadilisha, wakaongeza mambo yao. Askari wa bariyeri alihamishwa mwaka huo. Karani wa posta alisema askari huhamishwa kila siku, haina maana yoyote. Alipita barazani kwetu makusudi kuniambia hivyo, na akaongeza kwamba sahani inabaki na beti tatu. Nilimwambia aendelee kununua sahani.

Siku moja ya mvua, baba alisimama nje ya baraza. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye kofia. Wanawake walikuwa wakiimba, wakanyamaza walipomwona.

"Karibu, baba," nikasema.

Akaangalia kazi yangu, akageuza upindo wa gauni kuona ndani, kama alivyokuwa akifanya dukani.

"Bado hutaki kuomba radhi?"

"Bado, baba."

"Bon," akasema. Akavua kofia, akakaa, na shangazi akamwekea chai.