Neno «évident» katika Ripoti Yangu

Maman ninayemsimulia alikuwa soudeur, fundi wa kuunganisha vyuma kwa moto, mtaani Kadutu. Alirithi ateliye, yaani karakana, ya marehemu mumewe, na watu wa Luberizi walimletea vipande vilivyokatika vya mashine zao za kukoboa mpunga. Kwa kuhangaika navyo akapata njia ya kuunganisha aluminiamu na chuma: chuma alikipaka kwanza zinki, iliyoyeyushwa kutoka maganda ya betri za redio, ndipo akamimina aluminiamu.

Aliomba brevet, hati ya kulinda uvumbuzi wake. Mwenye ateliye kubwa ya jirani akapinga, akidai kwamba soudeur yeyote angeifikiria njia ile. Mimi nilikuwa nafundisha mambo ya metali chuoni, kwa hiyo ofisi ya brevet ikaniomba ripoti.

Alinionyesha kazi yote bila kuficha hatua hata moja.

«Professeur, upige na nyundo. Usiogope.»

Nilipiga mpaka mkono ukaniuma. Kiungo hakikuachia. Lakini nikiteremka kwenda nyumbani nilijiambia: zinki hushika chuma, mabati ya nyumba zetu ni ushahidi, zinki huchanganyika na aluminiamu, hilo nalo linajulikana. Basi, kipya ni kipi? Niliandika ripoti kwa alasiri moja, nikatia neno «évident», yaani jambo lililo wazi kwa fundi yeyote, na jambo la namna hiyo halipewi brevet. Ombi lake likakataliwa.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu na daftari. Lilikuwa la binti yake, aliyewahi kusoma kwangu. Akalifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: «Aluminiamu na chuma haviunganiki kwa kuyeyusha. Musipoteze makaa.»

«Hii maneno ni yako?»

«Ni yangu, maman.»

«Ulifundisha vile myaka ngapi?»

«Kumi na moja.»

«Sasa kama ilikuwa évident, mbona wewe haukuiona?»

Nilianza kumweleza kanuni za brevet. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na adabu ile iliniumiza kuliko matusi. Kisha akachukua daftari lake, akatoka.

Niliiandikia ofisi barua, nikakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimefundisha kinyume, na kwamba njia ile niliiona rahisi baada tu ya kuonyeshwa. Walijibu baada ya miezi kadhaa kwamba muda wa kukata rufaa umepita. Wakati huo jirani yake alikuwa tayari anaitumia njia ile, wateja wa Luberizi wakishukia kwake.

Maman alifunga ateliye, akahamia Kamanyola. Siku moja nilimfuata huko. Alinikaribisha chai, akaisoma nakala ya barua yangu polepole.

«Barua iko muzuri,» akasema. «Ungeandika ile ripoti ya kwanza vile.»

«Nisamehe, maman.»

«Nilishakusamehe. Kunywa chai, itapoa.»

Nilimwuliza kama bado anaunganisha vyuma.

«Milango na madirisha tu, Professeur.»

Sikuthubutu kumwuliza kama bado anajaribu mambo mapya.