Gramu Ishirini

Mtaani walimwita Mama Mizani, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Kwa miaka thelathini na minane alioka mikate kwenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake, na mizani hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa akikata donge la unga uliokandwa, analirusha kidogo kiganjani mara moja, anasema, "Nusu kilo," na kweli ni nusu kilo. Siku moja wakaguzi walikuja na mizani yao ya chuma. Wakapima madonge kumi, wakatazamana, wakaondoka wamenywea. Mkate wa bure hakuwapa.

Alikuwa na kiburi, tusifichane. Tangu mumewe afariki hakuwahi kumwomba jirani hata chumvi. Ukimkuta kajitwika gunia la unga ukamwambia, "Mama, nikupokee," anakujibu, "Kwani nimekwambia limenishinda?" Basi unabaki umesimama na mikono yako mitupu.

Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama mtu mwenye kesi na mwenye nyumba. Na kesi alikuwa nayo, tena ya zamani. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa wa miezi saba. Enzi zile alipojifungulia hapakuwa na mashine wala daktari. Alimfunga kitambaa safi cha kufunikia mikate, akamlaza kwenye kikapu kando ya tanuri apate joto, akapiga magoti kwenye majivu, akaomba siku nne mfululizo. Siku ya tano alipomnyanyua, mkono ulijua kabla ya macho.

Hakuacha kuamini kwamba Mungu yupo. Aliacha tu kumwomba. Alikuwa akiingia, anasalimia, anashukuru kwa adabu, anatoka. Miaka mingi baadaye alipompata binti, binti huyo alimlea kimyakimya, hamtaji sana kwenye sala, asije akamkumbusha Mungu kwamba kuna mwingine.

Sasa binti huyo alikuwa mke wa mtu, mume wake dereva wa malori ya masafa, na mimba yake ilikuwa imefika miezi saba. Asubuhi moja alikuwa anaanika nguo kwa mama yake. Miguu ilikuwa imemvimba tangu juzi, akasema ni joto. Mara akasema, "Mama, naona nyota," akaanguka chini, mwili ukaanza kumtetemeka na povu mdomoni. Mama Mizani aliacha tanuri linawaka na mikate ndani. Mikate yote iliungua, na ndiyo mara ya pekee aliyowahi kuunguza.

Hospitalini walisema ni kifafa cha mimba, wakampasua binti mchana uleule. Akatoka mtoto wa kiume, kilo moja na gramu mia tatu na hamsini. Mama mtu akapelekwa wodi nyingine, macho yamefumba, hajui wala hajijui.

Muuguzi wa wodi ya vichanga alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Wote walimwita Sista.

"Mama, mashine zangu za joto ni mbili," akasema, "na kila moja ina watoto wawili. Nahitaji kifua."

"Kifua cha nani?"

"Chako. Baba mtoto yuko safarini, mama mtoto hawezi. Tunamfunga kwako, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Joto lako ndilo mashine yake."

"Mwanangu, mimi ni mzee. Hiki kifua kimeshafunga kazi."

"Joto halizeeki. Vua blauzi."

Mama Mizani hakuwa amewahi kuamriwa na mtu tangu aolewe. Akavua. Sista akamweka kile kitoto katikati ya kifua, kimevaa nepi na kofia na soksi tu, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, akakikaza kwa kitambaa kirefu. Mwanamke mzima akabaki amekaa nusu wima kitandani, haruhusiwi kuinama, haruhusiwi kulala ubavu, haruhusiwi kunyanyua kitu.

"Kwa muda gani?" akauliza.

"Mpaka afike kilo moja na gramu mia nane."

Akapiga hesabu akilini kwa madonge. Lilikuwa ni kama donge moja dogo la kuongezea juu. Lakini donge hilo lingepatikana kwa matone ya maziwa yanayopita kwenye kimpira cha puani, kila baada ya saa mbili.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mwanamke kijana mnene, mcheshi, aliyejifungua mapacha. Mmoja alifungwa kifuani, mwingine alikuwa kwenye mashine, na kutwa walibadilishana. Walimwita Mama Pacha, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Shikamoo, bibi. Karibu jela."

"Marahaba. Mimi sijafungwa."

"Hujafungwa? Angalia kitambaa hicho! Na huyo mfungwa mwenzio ni nani?"

"Huyu ni mume wangu," akajibu Mama Mizani bila kucheka. "Nimeolewa uzeeni."

Mama Pacha akacheka mpaka Sista akaja kumwambia anatikisa mtoto.

Taabu ya Mama Mizani haikuwa mtoto. Taabu ilikuwa yeye mwenyewe. Siku ya pili kijiko kilimdondoka, akakaa nusu saa anakitazama sakafuni kama kilimtukana. Mama Pacha akakiokota, akakiosha, akamrudishia. Siku ya tatu miguu yake ilikuwa imeganda kwa vumbi, na kuinama hawezi. Mama Pacha alikuwa zamu ya mapumziko, wanawe wote wawili wako kwenye mashine. Akaja na beseni la maji ya vuguvugu.

"Lete miguu."

"Sijakuomba."

"Najua hujaniomba. Ningesubiri uniombe ungeota magamba. Lete."

Akaitoa. Alitazama dirishani muda wote, kama miguu ile ni ya mtu mwingine. Lakini yule mwanamke kijana alipomkausha katikati ya vidole, taratibu kama anavyokaushwa mtoto, alivitanua vidole kidogo apate kufika vizuri.

Kila asubuhi saa moja Sista alikuja na mizani ya namba nyekundu. Mama Mizani alimfungua mtoto, akamweka kiganjani, mkono mwingine umeshika kichwa, akatamka kwanza: "Elfu moja mia mbili arobaini." Mizani ikasema elfu moja mia mbili arobaini. Sista akashika kiuno. Kesho yake hivyohivyo. Wauguzi wa wodi nyingine wakaanza kuja kushuhudia. Mtoto alishuka kidogo mwanzoni kama watoto wote, kisha akaanza kupanda, gramu ishirini leo, kumi na tano kesho. Binti naye alifumbua macho siku ya nne, akakamuliwa maziwa, yakaletwa kwenye kikombe kidogo. Baba mtoto alikuwa akipiga simu kutoka njiani, sauti inakatika, "Mama, mwanangu anaendeleaje?" naye anamjibu, "Anakula. Wewe endesha, tazama barabara."

Wiki mbili zikapita hivyo. Mtoto akafika elfu moja mia nne na ishirini. Mama Mizani akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini, na akajikamata mara mbili anasema, "Mungu akipenda," akanyamaza haraka.

Ndipo mtoto akachafuka. Alianza kutapika maziwa, rangi ikageuka, mara mbili akasahau kupumua mpaka Sista akamfikicha nyayo. Daktari akasema damu imeingiwa na vijidudu, akaandika sindano. Asubuhi ya kwanza mtoto akashuka gramu ishirini. Asubuhi ya pili akashuka ishirini na tano. Elfu moja mia tatu sabini na tano. Mara zote mbili mkono ulisema kabla ya mizani, na haukukosea.

Daktari alikuwa kijana mpole, hakupenda kumtisha.

"Bibi, dawa hizi zikimkubali, kesho ataanza kupanda. Akishuka tena, sitakuficha. Sina dawa nyingine ya kumpa hapa, na safari ya kumpeleka mbali haiwezi."

"Nimekusikia, mwanangu."

Asubuhi ya tatu kulipopambazuka, kabla Sista hajaja, Mama Mizani alimfungua mtoto taratibu na kumweka kiganjani. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi kuliko jana, kama mkate ulioumuka kwa hewa tupu. Akamshusha, akamnyanyua tena. Mkono ukasema lilelile.

Ulikuwa mkono uleule wa kwenye majivu, na haukuwahi kumdanganya. Akamfunga tena kifuani, akakaza kitambaa, akajifunika mpaka shingoni.

Sista akaja na mizani yake.

"Haya, Mama Mizani, tupe namba."

"Leo hapimwi."

"Hapimwi kivipi?"

"Amelala. Kesho."

"Mama, daktari anasubiri namba apange dawa."

"Mwambie daktari bibi yake mtoto amekataa. Jana alishuka, juzi alishuka, mnataka ashuke mpaka wapi? Mwacheni akae alipo."

Mama Pacha akainua kichwa kitandani kwake. "Jamani, njooni muone! Mama Mizani anaogopa mizani!"

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi. Mimi wangu walishuka siku tano, nikalia mpaka maziwa yakakauka. Wewe hata kulia hulii. Bibi, hicho kitambaa hakifichi uzito. Mtoto ana uzito alionao."

Sista hakumvuta. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mizani mapajani, akasubiri. Na yule mzee, akiwa amemkumbatia mjukuu wake pale mbele za watu, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa mwanamke kijana, aliomba. Hakuomba kwa maneno mazuri. Alisema moyoni: "Baba, nimemnyanyua mara mbili. Najua ulichofanya na yule wa kwanza, na kwa nini sijui mpaka leo. Nimekukalia mbali miaka yote hii nikikupima, nikakuona huna uzito. Nimechoka kukupima. Huyu ni wako kabla hajawa wangu. Akae, asikae, mimi siendi tena benchi la nyuma. Lakini akae, Baba. Naomba akae."

Akafumbua macho. "Mchukue," akasema.

Sista akamlaza mtoto kwenye mizani. Namba nyekundu zikacheza, zikapanda, zikashuka, zikatulia. Mama Mizani alikuwa ametazama ukutani.

"Ngapi?" Sista akamuuliza. "Sema wewe kwanza, kama kawaida."

"Elfu moja mia tatu hamsini. Ameshuka."

"Umekosea."

"Sikosei mimi."

"Leo umekosea, mama. Elfu moja mia tatu tisini na tano. Amepanda gramu ishirini."

"Pima tena."

Sista akamtoa, mizani ikarudi sifuri, akamrudisha. Elfu moja mia tatu tisini na tano. Mama Pacha alikuwa ameshashuka kitandani na pacha wake kifuani, anachungulia. "Ishirini! Bibi, ishirini! Mumeo amekula!"

"Lakini mkono..." Mama Mizani akautazama mkono wake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwambia uongo. "Nimemnyanyua. Alikuwa mwepesi."

"Umembeba zaidi ya wiki mbili bila kumtua," akasema Sista, anamfunika mtoto haraka asipigwe baridi. "Mwili wako umemzoea. Na hofu nayo haijui kupima. Mtoto anaongezeka, wewe husikii tu."

Ndipo yule mwanamke akalia, mabega yanatikisika, machozi yanachuruzika mpaka kwenye kofia ya mtoto, na Mama Pacha akimfuta kwa ncha ya kanga yake. "Nimekosea," akawa anasema, "nimekosea, jamani, nimekosea," kwa furaha ambayo hawezi kuieleza mtu asiyewahi kukosea jambo alilokuwa na uhakika nalo na akashukuru kwamba amekosea. Maana kama mkono umekosea leo, basi huenda na siku nyingine nyingi ulikosea. Huenda kwenye zile siku alizodhani Mungu amenyamaza, alikuwa akiongeza kidogokidogo mahali ambapo yeye hasikii. Mtoto wa kwanza hakurudi, na swali lake halikujibiwa. Lakini alijikuta anaweza kukaa na swali hilo bila kumnunia Mungu.

Mtoto hakushuka tena. Daktari alipokuja alisoma namba mara mbili, akatabasamu, akasema dawa iendelee. Kila asubuhi Mama Mizani aliulizwa namba, akawa anajibu, "Niulizeni ya unga. Ya huyu anajua Aliyemuumba." Mama Pacha aliondoka na wanawe wote wawili, mmoja mbele, mwingine mikononi mwa mama mkwe wake, akapunga mkono mpaka mwisho wa korido.

Siku mtoto alipofika elfu moja mia nane, tena na gramu tano za ziada, binti alikuja akitembea mwenyewe, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshikwa na mume wake aliyefika alfajiri na vumbi la safari bado kichwani. Akakaa kitandani akafungua vifungo.

"Mama, nipe."

"Mshike shingo. Hapo. Mgeuze kichwa. Usimkaze sana, si mzigo wa kuni."

"Mama, nimeelekezwa."

"Umeelekezwa na watu. Mimi nimekaa naye."

Sista akamfunga mtoto kifuani kwa mama yake. Mtoto akahangaika kidogo, akanusa, akatulia. Baba yake akasimama pale, dereva mzima wa malori, hajui mikono aiweke wapi.

Mama Mizani alihisi kifua kimepoa ghafla. Akavaa blauzi yake, akavaa na viatu. Kitanda kilikuwa kimebaki wazi upande mmoja, akakitazama, akajilaza ubavu, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki tano.

"Mama, tumeruhusiwa," binti akamwambia. "Tunaondoka. Gari liko nje."

"Nawasikia. Najinyoosha kidogo tu."

"Asante, Baba," wakamsikia akisema, na kabla hawajajua anaongea na nani, alikuwa anakoroma. Mkwewe akamwinua kidogo miguu akamvua viatu. Sista alikuja na cheti cha kuruhusiwa, akawaona, akakiweka chini ya mto, akaenda kuhudumia kitanda kingine kwanza.