Mpira Uliosusia Ua la Baba

Mimi ni fundi wa mapambo ya dari. Nakoroga jasi, namimina kwenye kalibu, ikishika naitoa, napanda nayo ngazi na kuibandika. Hapa Kilindoni, kisiwani kwetu, bado wapo wanaochungulia nyuma yangu kumtafuta fundi mwenyewe, mwanamume. Zamani nilikuwa nawajibu kwa maneno. Siku hizi nawapa ndoo wanishikie.

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la vitambaa aliniita nyumbani kwake. Ukoo wake ulitoka Bara Hindi, lakini yeye na wazazi wake wamezaliwa hapahapa mjini. Alikuwa amejenga upya sebule. Mlango wa mbele wa nyumba ile aliuchonga baba yangu enzi zake, na mchwa walikuwa wameula wakaacha ganda.

"Sitaki maua ya kununua," akaniambia. "Nataka lile ua la baba yako, pale katikati ya dari."

Ua lile lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, kwenye ubao uliotundikwa ukutani kwa baba, kijijini Baleni. Ulikuwa ubao wake wa kuwaonyesha wateja, ua kubwa la petali nane lililozungukwa na mnyororo. Milango yote ilikwenda na wenyewe, ubao ukabaki wetu. Na tangu kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia, baba hakushika patasi tena. Vyombo vyake alivifunga kwenye kipande cha turubai akavisukuma uvunguni mwa kitanda, na hakutaka mtu avitaje. Kiti chake alikiweka kuuelekea ukuta ule.

Nilikwenda kumwomba ubao mara mbili, akanizungumzia habari za mihogo. Mara ya tatu nilipomwamkia alisema "marahaba" na hapohapo akanyoosha kidole ukutani.

"Uteremshe. Lakini ukiharibika, mwanangu, wa kuchonga mwingine hayupo."

"Hautaharibika, baba," nikasema. Nilisema kwa kinywa kipana kabisa.

Kalibu zangu za siku zote ni za plastiki, zinanunuliwa tayari. Ya ua hili ilibidi niitengeneze mwenyewe kwa mpira wa silikoni, ule unaomiminwa ukiwa uji juu ya kitu chenyewe na kuganda ukiwa umeshika kila mkwaruzo. Nikampigia muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Alikuwa kijana mpole, mwenye subira kuliko mimi.

"Dada, ipo ya aina mbili," akasema. "Moja nyeupe, unaiwekea dawa kidogo ya kugandisha. Haichagui sana, na kwa jasi inafaa. Baada ya miaka michache huanza kuchanika. Ya pili inang'aa kama maji, unachanganya nusu kwa nusu. Hiyo inadumu na haisinyai, ila ina deko. Ikikutana na kitu isichokipenda inasusa, haigandi."

"Kitu gani?"

"Salfa, glavu za mpira, rangi mbichi, mafuta mengine mengine. Kwani hicho kitu chako kina mafuta?"

"Hakina," nikamjibu. "Ni mbao tupu."

Akanishauri nichukue nyeupe. Nikachukua inayong'aa. Sababu niliyompa ni kwamba inadumu. Sababu yenyewe ni kwamba ilikuwa ghali, na ua la baba nisingeliwekea kitu cha rahisi. Nilijisikia binti mwema sana siku ile mzigo wangu ulipofika bandarini.

Wala sikukurupuka. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha mninga kilichokuwa karakanani, mpira ukaganda vizuri, nikaucheka woga wa yule kijana. Nikaujengea ubao wa baba ukingo wa vipande vya mbao, nikaziba pembe, nikamimina taratibu kutoka kona moja ili mapovu yapande. Uji ulitanda juu ya petali nazo zikaonekana chini yake, safi kabisa. Nilikaa nikitazama huku nikitabasamu peke yangu.

Kesho yake mchana juu palikuwa pameganda. Nikafungua ukingo, nikavuta pembe. Mpira ukaja, na chini yake ukaja utelezi. Palipogusana na ubao hapakuwa pameganda hata kidogo. Kulikuwa na ute mzito unaonata, umejaa kwenye kila mfereji ambao baba aliuchimba kwa siku ngapi sijui. Nilipojaribu kuufuta kwa kitambaa niliusukumia ndani zaidi.

Nilimpigia yule kijana nikiwa nusu ya kulia na nusu ya kumgombeza.

"Dada, una hakika ubao huo hauna mafuta?"

"Nimeshakwambia hauna!"

Nikakata simu, nikauinamia ubao. Ndipo pua yangu ilipoamka. Kila mwaka kabla ya mwezi wa Ramadhani baba huusugua ubao ule kwa mafuta ya papa, yaleyale yanayopakwa majahazi, ili mchwa wasiuguse. Nimekua na harufu ile. Milango yetu inanuka hivyo, na vizingiti, na kitanda nilichozaliwa juu yake. Ukiniuliza kama samaki wa kukaanga ana mafuta, nitasema anayo. Ukiniuliza kuhusu ubao wa baba, nakwambia ni mbao tupu, na naweza kuapa.

Sikulala na siri ile. Alasiri hiyohiyo niliufunga ubao kwenye kanga, nikapanda bodaboda mpaka Baleni, nikamwekea baba mapajani bila maneno mengi. Aligusa ute kwa kidole cha mkono wa kushoto, akanusa, akanitazama.

"Ulimwambia mtu wa watu kwamba hauna mafuta?"

"Nilimwambia."

"Ubao huu umeanza kunywa mafuta ya papa kabla mama yako hajachukua mimba yako." Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilimwambia ukweli, kwamba naogopa nimekiua kitu chake cha mwisho. Akaacha kucheka, akamwita mama alete miswaki mikuukuu.

Tulifanya kazi ile siku tatu, barazani, mbali na jiko, kwa petroli na miswaki na vijiti vya chelewa kutoka kwenye ufagio. Baba alishika ubao kwa mkono wake mzima na kunielekeza: hapa bado, pinda kijiti, usikwangue, sugua kufuata nyuzi za mti. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu nikiwa na kimo cha meza yake ya kazi. Mama alilalamika kwamba nyumba yote inanuka kituo cha mafuta, akaendelea kutuletea chai. Ute ulitoka wote. Nakiri nilizifurahia siku zile kuliko nilivyostahili.

Kisha nikaagiza ile nyeupe. Kijana hakunisema, na nampenda kwa hilo. Aliniambia tu kwamba aina ile hupenda unyevu kidogo hewani. Nikamjibu unyevu kwetu hatununui. Ubao tuliuosha kwa sabuni, ukakauka, nikaupaka nta nyembamba, na safari hii nilijaribu kwanza nyuma ya ubao wenyewe. Nilimiminia hapohapo kwa baba. Kesho yake mpira ulibanduka mkavu, na ubao ukabaki kama ulivyokuwa, umepauka kidogo tu.

Ua la kwanza la jasi nililitoa mbele yake, bado na ubaridi wa maji. Baba alilipapasa kwa kidole, petali baada ya petali. Kwenye ya sita kidole kikasimama.

"Hapa patasi iliniponyoka," akasema. "Niliziba kwa unga wa mbao na gundi. Miaka yote hakuna aliyejua."

Miswaki yetu ilikuwa imeuzibua ufa, na mpira ukaunakili. Nikamwambia nitauziba, dakika mbili tu.

"Utazibaje, wewe unajua petali ile inakwendaje?" Akamgeukia mama. "Nitolee turubai langu uvunguni."

Alichagua patasi ndogo kuliko zote, akaishika kwa mkono wa kushoto. Mninga usingemsikiliza mkono ule. Jasi mbichi ilimsikiliza. Alipita nje ya ufa akaipunguza petali yote mpaka ufa ukaisha, na alipomaliza petali ilikuwa imelalia upande, si kama zile nyingine saba. Nilimwona baba naye ameliona hilo. Mama alishika mdomo.

Baba akalisukuma ua pembeni, akapuliza vumbi kwenye patasi.

"Uji wa ule mpira wako umebaki?"

"Umebaki, baba."

"Basi usiumwage. Nikorogee bamba la jasi, nene, lisilo na ua. Nataka kuchonga ua lingine."