Kadi ya Bima Ilikuwa Hai, Mimi Ndiye Nilikuwa Nakufa

Hakuna kitu cha Juba kinachoweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilikuwa nasema. Nilifika hapa nikiwa turniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la vitunguu, na darasa la sita kichwani, na leo nyumba nyingi mnazoziona kuanzia Mangateen mpaka mtoni zimeezekwa kwa mabati yangu mimi Wafula. Nimeona vita, nimeona mafuriko, nimeona pauni ikianguka kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Nikasema mimi nimemaliza kushangaa. Basi someni.

Mchungaji ameniomba niandike ushuhuda huu badala ya kusimama mbele ya kanisa, maana anasema nikishika kipaza sauti watu wanakosa chakula cha mchana. Sawa. Naandika, na sitaficha kitu cha mwili, kwa sababu kuficha ndiko kulikokaribia kuniua.

Kabla ya haya nilikuwa na nguvu. Vijana wawili hubeba mfuko mmoja wa simenti wakilalamika, mimi nabeba miwili nikiimba. Lakini kwenye kinena, upande wa kulia, nilikuwa na kivimbe kama limau. Nikikohoa kinatoka. Nikilala nakisukuma kwa kidole, kinarudi ndani. Mke wangu Nekesa alikiona, akasema, "Baba Simiyu, hiyo ni ngiri. Nenda upasuliwe." Nikamwambia ngiri ni ya watu wanaokaa kwenye viti.

Na isitoshe, nilikuwa na bima. Kijana mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuja dukani akaniuzia ile kubwa kuliko zote. Dola mia sita na hamsini, nikalipa papo hapo. Kadi niliitia kwenye plastiki nikaivaa shingoni. Mteja akiuliza ni ya nini, namjibu: "Hii ni hospitali ya Thongpiny, nimeivaa."

Siku yenyewe tulikuwa tunashusha mabati dukani kwangu, soko la Konyo Konyo. Vijana walikuwa wazembe, nikawasukuma kando niwaonyeshe kazi. Nikainua. Nikasikia kitu kimechanika chini ya tumbo. Limau likatoka, likawa kubwa kama embe, gumu, na nilipolisukuma halikurudi. Nilisukuma mpaka machozi yakatoka. Halafu nikatapika, kwanza chai, baadaye maji ya kijani machungu.

Nekesa aliacha masufuria yake ya mkahawa akaniweka kwenye boda, mimi katikati, yeye nyuma amenishika kama gunia. Kila shimo la barabara nililihesabia dhambi zangu. Lakini moyoni nilikuwa na amani. Nilikuwa nimevaa hospitali shingoni.

Mapokezi, pale hospitali ya Thongpiny, palikuwa na msichana Mkenya mwenzetu, mpole kabisa. Akaitazama kadi, akaitazama kompyuta.

"Mzee wangu, pole. Hii kampuni tumeisimamisha tangu juzi."

"Kuisimamisha namna gani? Mimi nimelipa!"

"Wewe umewalipa wao. Wao hawajatulipa sisi."

Wakati huo nilikuwa nimeinama, nimeshika kaunta kwa mikono yote miwili, jasho linadondoka kwenye karatasi zake. Daktari akapita, akaniona, akanilaza kwenye kitanda cha magurudumu pale pale kwenye korido. Huyu ni Daktari Lado, mtu wa hapa aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kusoma Nairobi, Kiswahili chake kama cha kwetu. Akaufungua mshipi wangu, akaugusa ule uvimbe. Ngozi ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Umetoa hewa leo, mzee?"

"Sijatoa kitu."

"Utumbo umetoka, umenaswa, damu haifiki. Ukikaa hivyo unaoza ndani yako. Lazima nikupasue sasa, si kesho." Akaniwekea dripu, akanidunga sindano ya maumivu, halafu akamgeukia mhasibu aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nipe chumba cha upasuaji."

Mhasibu akasema, "Daktari, unajua agizo la mkurugenzi. Bima hiyo, hakuna. Pesa taslimu, malipo ya kwanza yazidi nusu ya gharama, ndipo chumba kifunguliwe."

Nekesa akapiga simu hospitali nyingine. Jibu lile lile. Akaipigia kampuni ya bima, akaweka simu sauti ya juu, akailaza juu ya kifua changu. Mama mmoja mwenye sauti tamu akajibu.

"Mzee, naona kadi yako hapa. Iko hai kabisa."

"Kadi iko hai, mimi ndiye ninakufa!"

"Hawaruhusiwi kukukataa. Waambie tumeshawalipa."

Mhasibu akainama juu ya tumbo langu, akaiambia simu, "Mmetulipa pauni! Mkataba unasema dola!"

"Mkataba unasema dola au pauni kwa bei ya benki."

"Benki gani itaniuzia dola kwa bei hiyo, madam? Mimi nanunua dawa Kampala kwa dola ya barabarani!"

"Hilo lenu. Tumewaandikia barua."

"Na sisi tumewajibu!"

Ndugu zangu, niliuelewa ule ugomvi kuliko wao wenyewe. Mimi ni mfanyabiashara wa Juba. Mtu akiniletea pauni kwa bei ya benki namwambia akaezeke nyumba yake kwa hiyo benki. Mhasibu alikuwa na haki. Yule mama naye alikuwa na karatasi yake. Na utumbo wangu ulikuwa katikati, hauna upande. Wakaendelea kurushiana maneno mpaka nikatapika, na safari hii matapishi yalinuka kama choo. Simu ikaloa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nikamwambia Nekesa, "Nenda ukafukue mkebe."

Mkebe huo nilikuwa nimeuzika chini ya kitanda tangu wakati wa vita. Dola tupu. Sikuwahi kuiamini benki, na nilijisifu kwa hilo kila mahali. Nekesa akaenda, akarudi mbio, vidole vimejaa udongo. Mhasibu akachukua noti moja, akaiinua kwenye mwanga, akakunja mdomo.

"Hizi ni za zamani. Sizipokei."

"Ni za Amerika!"

"Mzee, hata wewe huzipokei."

Ni kweli. Dukani kwangu kuna kadibodi nimeandika kwa mkono wangu: DOLA ZA ZAMANI HAPANA. Juba nzima ni hivyo, noti ya sura ya zamani au yenye doa hakuna anayeitaka. Kila siku nilizirudisha za watu. Sikuwahi kufikiri kwamba zangu nazo, kule gizani kwenye mkebe, zinazeeka. Nilizizika zikiwa mpya!

Daktari Lado akatazama tena ule uvimbe. Akaangalia saa yake. Hapo ndipo niliogopa.

Nekesa akampigia Mama Akello, Mganda anayeuza samaki wakavu mbele ya duka letu. Yeye hupeleka pesa Kampala, na kule benki huzipokea zile za zamani kwa kukatwa. Akafika na aproni yake, ananuka mukene, wale dagaa wake, pochi ndani ya blauzi.

"Wafula! Si wewe ndiyo ulirudisha mia yangu mwezi ile? Ulisema iko na uso ya bibi kizee."

"Mama, nisamehe, nakufa."

"Ninaona. Mia moja, mimi natoa themanini."

"Tisini," nikasema.

Daktari akashika kichwa. "Mzee! Utumbo unaoza na wewe unabishania bei?"

"Sasa iko sabini na tano," Mama Akello akasema.

"Themanini!" Nekesa akapiga kelele. "Themanini, mama, chukua, na wewe mwanaume nyamaza!"

Khalas, biashara imekwisha. Noti zangu thelathini na tano za mia mia zikawa dola elfu mbili mia nane mpya, zikahesabiwa juu ya shuka nililolalia. Mhasibu akakubali kwa kichwa, na kitanda kikaanza kukimbia.

Nilizinduka na mpira puani na kidonda kirefu. Daktari alikata kipande cha utumbo urefu wa kiganja, kilikuwa kimekuwa cheusi. "Ungechelewa kidogo tu," akasema, akaacha hapo. Halafu kukawa na swali moja tu, la daktari, la wauguzi, la mfagiaji: umetoa hewa? Maana utumbo ukishonwa, hewa ndiyo habari kwamba umefufuka, na kabla ya hapo huonji hata uji. Wazee wa kanisa walikuja kunizunguka, na nawaambia ukweli, waliomba kwa bidii Wafula ajambe. Ilipotoka, wodi nzima ilipiga makofi. Nekesa alilia. Mimi pia.

Siku ya kuruhusiwa nilimalizia deni, dola mia nne kumi na sita. Msichana wa mapokezi akaniona, akatabasamu.

"Mzee wangu, habari njema! Wamepatana, wamesaini asubuhi. Kadi yako inafanya kazi."

"Na upasuaji wangu?"

"Kuanzia leo, mzee. Si ya nyuma."

Nimeenda ofisi ya bima mara nyingi. Wanasema watanirudishia, kwa pauni, kwa bei ya benki. Lini? Bukra, yaani kesho. Kila siku ni bukra.

Namshukuru Mungu, namshukuru Daktari Lado, na Nekesa aliyeninyamazisha. Mama Akello namsalimia kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na kadibodi nimeitoa ukutani. Nanyi mlio na kivimbe kinachoingia na kutoka, msikidharau, kipelekeni kingali kinarudi. Na mwenye kadi asimuulize aliyemuuzia. Aende mapokezi ya hospitali akiwa mzima, aulize kama inakubaliwa wiki hii, na wiki ijayo aulize tena. Na fukueni mikebe yenu.

Sasa mifuko ya simenti sibebi, naonyesha kwa kidole. Mkitaka kujua bei ya kushangaa Juba, mimi ninayo: noti za mkebe elfu tatu mia tano, malipo ya mwisho mia nne kumi na sita, na ile kadi niliyoivaa shingoni mia sita hamsini. Dola elfu nne mia tano sitini na sita.