Mama Aoshaye Vidonda

Katika nyumba iliyo nyuma ya msikiti, ambamo wanawake wa Garissa tunajitolea kuwauguza majeruhi, yupo mama anayeosha vidonda. Hukamua kitambaa cha maji ya chumvi polepole, akiimba puani. Kwetu mgeni huulizwa kwanza ni mwana wa nani, naye hutaja baba na babu zake. Mama huyu haulizi kamwe, na mimi nilimwona hana adabu. Jana askari aliingia kutafuta shifta, wale waasi wa msituni, akasimama mbele ya kijana mwenye jeraha la risasi. “Wewe mtoto wa nani?” Kijana akaanza, “Mimi Nunow, wa Barre, wa...” Jina lifuatalo nililijua. Baada ya Barre ni Ogle, baba wa marehemu mume wangu; askari akilisikia, angelifuata hadi nyumbani kwangu. Mama akamtia kijana kikombe cha maziwa mdomoni. Askari akafoka, “Mama, wacha aseme!” “Akifa na kiu, utamzika wewe?” Askari akacheka, akaenda kitanda kingine. Mama akanipa kikombe nikioshe, bila kunitazama. Sijui alimficha kijana au jina la nyumba yangu, wala sijui kama anatujua. Leo wameletwa majeruhi wengine. Nimewapa maziwa, sikuuliza kitu.